Raia Tangu Siku ya Kufa

Tarehe 21 Machi 2003, vita vya Iraq vikiwa ndiyo kwanza vimeanza, Koplo Usu José Antonio Gutierrez wa kikosi cha Marine cha Marekani aliuawa karibu na Umm Qasr, mji wa bandari ulio kusini kabisa mwa Iraq. Risasi iliyomuua haikufyatuliwa na Mwiraki. Ilitoka kwa askari wenzake. Vyombo vya habari vikamtangaza kuwa miongoni mwa Wamarekani wa kwanza kufa katika vita hivyo, na tangazo hilo lilikuwa sahihi kwa kila kitu isipokuwa jambo moja: siku ile Gutierrez hakuwa Mmarekani. Alikuwa raia wa Guatemala aliyeishi California kwa kibali cha ukaazi wa kudumu, kile ambacho vijana wetu wanaohangaikia safari za Marekani wanakiita grinikadi. Serikali iliziba pengo hilo upesi. Mwanzoni mwa Aprili alitangazwa kuwa raia, na kwa mujibu wa sheria ya nchi ile, uraia anaopewa askari marehemu huhesabiwa kuwa ulianza siku aliyokufa. Hivyo ndivyo alivyoingia katika daftari la taifa: mtu ambaye siku yake ya kwanza ya uraia ndiyo siku yake ya mwisho duniani.

Wengi walilipokea jambo hilo kama heshima, na si haki kuwabeza. Hata hivyo heshima nazo zina uzito tofauti, na uraia wa marehemu naona ni nyepesi kuliko zote ambazo dola inaweza kutoa, kwa kuwa ukishatolewa haumdai mtoaji kitu chochote. Maiti hapigi kura. Haombi mkewe aletwe kutoka ng'ambo. Hagombani na polisi, hanywi kupita kiasi akitafuta usingizi, haendi hospitali kudai matibabu ya miaka thelathini ijayo. Anayetaka kujua dola inamthamini vipi kijana mgeni aliyevaa sare zake asiishie makaburini. Amtazame yule aliyerudi mzima, na hasa yule aliyerudi mzima kisha mambo yakamharibikia. Hapo ndipo linapoonekana deni likilipwa au likikanwa.

Maisha ya Gutierrez kabla ya jeshi yanaeleza mengi kuhusu aina ya deni lenyewe. Alikuwa yatima aliyekulia mitaani katika Jiji la Guatemala, akasaidiwa na Casa Alianza, shirika lililowahifadhi watoto wasio na makwao. Kuwa mtoto wa mitaani katika jiji lile kulikuwa hatari ya kweli. Mwezi Juni 1990 polisi waliwaua vijana watano wa mitaani, na ilichukua hadi Novemba 1999 kwa Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika kuamua kwamba dola ya Guatemala ilibeba dhima. Nchi nzima ilikuwa inatoka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyodumu kuanzia 1960 hadi 1996, ambavyo tume ya ukweli ilikadiria vilisababisha watu zaidi ya 200,000 kuuawa au kupotezwa, wengi wao Wamaya, na sehemu kubwa mno ya maovu hayo ikafanywa na majeshi ya serikali. Na nyuma ya majeshi hayo kulikuwa na mkono wa Marekani, tangu shirika lake la ujasusi liliposaidia kumpindua Rais Jacobo Árbenz mwaka 1954. Bill Clinton mwenyewe, akiwa Guatemala Machi 1999, alikiri hadharani kwamba kuviunga mkono vyombo vile vya mabavu lilikuwa kosa. Sidai kwamba mkono huo ndio uliomfanya Gutierrez yatima; watu hufiwa na wazazi hata penye amani. Ninachosema ni kwamba ile picha ya tajiri mkarimu aliyemfungulia mlango maskini asiyemjua haikai sawa. Mwenye nyumba alikuwa anaijua njia ya kwao tangu zamani.

Kijana akapanda kaskazini juu ya treni za mizigo zinazokatiza Mexico, njia ambayo imewakata viungo na kuwaua wengi, akaingia Marekani bila karatasi yoyote. Alipohojiwa alijieleza kuwa ni mtoto. Kwa umri wake halisi hakuwa. Alikuwa ameipunguza miaka yake, kwa sababu mtoto asiye na mlezi hutafutiwa hifadhi na mtu mzima hurudishwa alikotoka. Wakampokea kama mtoto. Akalelewa na familia za kujitolea katika eneo la Los Angeles, akasoma sekondari mjini Torrance, akacheza kandanda, akaanza chuo, akawa na ndoto ya kusomea usanifu wa majengo. Jeshi lilimsajili mwaka 2002. Waliomlea walieleza kwamba alitaka kuirudishia Marekani kidogo kwa yale iliyompa, na bila shaka alikuwa anajua pia kwamba jeshi hulipia masomo. Sioni ugomvi kati ya nia hizo mbili. Ni wanajeshi wachache, wa taifa lolote lile, waliojiunga kwa sababu moja tu, na ni mgeni peke yake anayedaiwa sababu yake iwe safi.

Uongo ule wa umri ndio unaonifanya nisimame. Gutierrez akiwa hai, ulikuwa mzigo mzito. Sheria ya uhamiaji ya Marekani inauchukulia udanganyifu wa namna hiyo kwa ukali: anayepata ukaazi kwa maelezo ya uongo anaweza kupoteza ukaazi wenyewe, na ombi la uraia huanza kwa afisa kuyapekua maelezo yale yale ya mwanzo. Fikiria koplo huyo amerudi kutoka Iraq salama, ameketi mbele ya afisa, na afisa anamuuliza amezaliwa lini. Angejibu nini? Akisema ukweli amejifunga, akirudia uongo amejifunga mara mbili. Alipokufa, uongo ule ule ukageuka kuwa sehemu ya kisa cha kusisimua, ushahidi wa ujasiri na werevu wa kijana aliyetoka mbali. Habari zikaueleza bila kificho, na filamu ya Heidi Specogna ya mwaka 2006 ikayafuatilia maisha yake tangu mitaani hadi jangwani. Hakuna aliyeinuka kusema uraia ule ufutwe. Kosa halikubadilika, ushahidi haukubadilika, sheria haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba mkosaji hakuwa tena na uwezo wa kufaidi msamaha. Msamaha wa namna hiyo una nini ndani yake?

Pengine msomaji atasema serikali haikuwa na namna, kwamba taratibu za uraia huchukua muda na kifo hakikungoja. Tuitazame sheria basi. Tarehe 3 Julai 2002 Rais George W. Bush alitia saini amri iliyowaruhusu askari wasio raia waliokuwa kazini tangu 11 Septemba 2001 kuomba uraia mara moja, bila kusubiri ile miaka mitatu ya utumishi iliyotakiwa wakati wa amani. Maana yake ni kwamba Gutierrez alipopelekwa Ghuba mlango ulikuwa umeshafunguliwa kwenye karatasi. Lakini mlango huo ulikuwa na vizingiti vyake. Ada ililipwa. Fomu zilipita ofisi hadi ofisi. Usaili na kiapo vilifanyika ndani ya Marekani tu, kwa hiyo aliyepelekwa vitani ombi lake likiwa njiani alilazimika kungoja arudi. Wakati huo jeshi lilikuwa na askari wasio raia wapatao 37,000. Dola iliyokuwa na uwezo wa kusafirisha divisheni nzima na vifaru vyake hadi Kuwait haikuweza kumsafirisha afisa mmoja na bendera kwenda kuwaapisha.

Vizingiti hivyo viliondolewa baada ya vifo. Gutierrez hakuwa peke yake katika juma lile: tarehe 23 Machi aliuawa José Ángel Garibay karibu na Nasiriyah, kijana wa miaka 21 aliyeletwa California kutoka Jalisco akiwa mtoto mchanga, tarehe 27 akafa Jesús Suárez del Solar, mzaliwa wa Tijuana mwenye umri wa miaka 20, kwa kukanyaga kipande cha bomu la mtawanyiko la Marekani yenyewe ambacho hakikuwa kimelipuka. Baba yake Suárez del Solar aligeuka kuwa mmoja wa wapinzani wanaojulikana wa vita vile. Kardinali Roger Mahony, askofu mkuu wa Los Angeles, alimwandikia rais kulalamika kwamba kuna kasoro kubwa katika sera ya uhamiaji inayomngoja mtu afe vitani ndipo ipate kumpa uraia. Novemba mwaka ule ule ikapitishwa sheria iliyofuta ada kwa wanajeshi, ikapunguza muda wa kungoja wakati wa amani kutoka miaka mitatu hadi mmoja, na ikaruhusu viapo kufanyika ng'ambo kuanzia Oktoba 2004. Iligusa pia jambo ambalo wengi hawalijui. Kabla ya hapo, kwa sheria ya 1990, uraia wa marehemu ulikuwa wa heshima tupu: ilitamkwa wazi kwamba hauwapi mjane, watoto wala wazazi haki yoyote ya uhamiaji. Yaani mama angeweza kukabidhiwa hati inayosema mwanawe ni raia wa Marekani huku yeye mwenyewe akiwa hana ruhusa ya kubaki katika nchi aliyozikiwa mwanawe. Ilibidi hali hiyo iaibike hadharani ndipo irekebishwe.

Kwa hiyo yako mabadiliko, na ni ya kweli, na askari maelfu kwa maelfu wamepata uraia wakiwa hai kwa sababu yake. Atakayenijibu kwa hoja hiyo ana haki ya kusikilizwa. Ila naye atazame namna mabadiliko yalivyopatikana na namna yanavyoyeyuka. Historia ya Marekani ina mtindo katika jambo hili: vita vinapohitaji miili, milango ya uraia hupanuliwa, vita vikipoa, mtu hukumbushwa kuwa ni mgeni. Katika Vita Kuu ya Kwanza karibu askari mmoja kati ya kila watano wa jeshi la nchi kavu alikuwa amezaliwa nje, na sheria ya Mei 1918 ikawarahisishia uraia. Mmoja wao alikuwa Bhagat Singh Thind, Kalasinga kutoka Punjab, aliyetumikia jeshi hilo mwaka 1918 na kuapishwa uraia akiwa na sare mwilini. Siku chache baadaye uraia ukafutwa. Akauomba tena Oregon, akapewa 1920, serikali ikamfuata hadi Mahakama ya Juu, na Februari 1923 majaji wakaamua kwamba Mhindi si mtu mweupe kwa maana ya sheria na kwa hiyo hawezi kuwa raia. Alikuja kuupata mwaka 1936, kwa sheria maalumu ya mwaka mmoja nyuma yake iliyowahusu wapiganaji wa vita vile. Thind alikuwa na kosa moja tu ambalo Gutierrez hakuwa nalo: aliishi. Angekufa kambini mwaka 1918, hakuna mwanasheria wa serikali ambaye angejisumbua kwenda mahakamani kuthibitisha rangi ya marehemu.

Zama za rangi kuandikwa katika sheria zimepita, lakini aliyerudi hai bado yuko mashakani. Héctor Barajas aliletwa Marekani kutoka Mexico akiwa mtoto wa miaka saba, akaingia jeshini na kutumikia katika divisheni ya 82 ya miavuli kuanzia 1995 hadi 2001. Baada ya kutoka akatiwa hatiani kwa kosa la kufyatua risasi kwenye gari, akafungwa, akamaliza kifungo, mwaka 2004 akafukuzwa nchini. Akarudi kwa njia za panya, akafukuzwa tena 2010. Mjini Tijuana alianzisha nyumba ya kuwapokea wenzake, askari wa zamani wa Marekani waliotupwa upande ule wa mpaka, wengine wakiwa wamesahau hata Kihispania cha kuombea kazi. Mwaka 2017 gavana wa California, Jerry Brown, alimsamehe, na Aprili 2018 akaapishwa kuwa raia. Miguel Perez, aliyepelekwa Afghanistan mara mbili, alifukuzwa Machi 2018 baada ya kifungo cha dawa za kulevya. Alirejea mwaka uliofuata na kupata uraia. Hawa wawili wanajulikana kwa kuwa walipiganiwa. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani iliripoti mwaka 2019 kwamba kati ya 2013 na 2018 askari wa zamani wapatao 250 walikuwa wamefunguliwa mashauri ya kufukuzwa au wamekwisha kufukuzwa, na kwamba idara husika haikuwa ikifuata kikamilifu hata taratibu zake yenyewe za kuwashughulikia. Na kuna kipengele kimoja ambacho mtu akikisoma anadhani ni dhihaka: askari aliyeachishwa kwa heshima ana haki ya kuzikwa katika makaburi ya taifa, jeneza likiwa limefunikwa bendera, hata kama alifukuzwa nchini. Akiwa hai hapiti mpakani, akifa anapita.

Hapa ndipo hoja kali zaidi dhidi yangu inaponikabili, nayo ni kwamba watu hawa walivunja sheria. Sare haiwezi kuwa kinga. Nakubali kabisa, na nakubali pia kwamba aliyefyatuliwa risasi na askari wa zamani hana faraja ya kusikia kwamba mfyatuaji aliwahi kutumikia. Lakini tulinganishe sawa kwa sawa. Askari mwingine wa kikosi kile kile, aliyezaliwa Texas, akitenda kosa lile lile, atahukumiwa kifungo kile kile, na siku ya kutoka atarudi kwao. Mgeni anamaliza kifungo hicho hicho kisha anaanza adhabu ya pili, ya maisha, ambayo hakimu wa jinai hakuitamka. Tofauti kati yao haimo katika kosa wala katika utumishi. Imo katika hati moja ambayo mgeni alistahili kuipata tangu akiwa kambini na ambayo hakuipata, mara nyingine kwa uzembe wake, mara nyingine kwa sababu alidhani kiapo cha jeshi ndicho kiapo cha uraia, na mara nyingine kwa sababu karatasi zake zilipotea alipohamishwa kituo. Jeshi linalomfuatilia kuruta hadi urefu wa nywele zake halikuona sababu ya kufuatilia hilo.

Waswahili tuna ule usemi kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hutumiwa kumkumbusha mgeni asikae bure, lakini una upande wa pili ambao wenyeji hawapendi kuutaja: ukishampa jembe, amekuwa mtu wa shamba lile, na mavuno yakija huwezi kumwambia kwamba chungu ni cha wenye nyumba. Uandikishaji wa wageni jeshini ni jembe bila chungu. Kazi hupokelewa siku ya kwanza, kwa thamani yake yote. Risasi ya adui, au ya mwenzako, haiulizi pasipoti. Malipo ndiyo yanayowekewa masharti, muda, ada, na ukaguzi wa tabia.

Lakini walijitolea, atasema mwingine. Hakuna aliyewafunga kamba. Neno la kujitolea linahitaji kupimwa kwa mizani ya mazingira yake, na kisa cha karibu nasi kinatusaidia kuipima. Nemes Tarimo, Mtanzania, alikwenda Urusi mwaka 2020 kusoma shahada ya uzamili. Kwa maelezo ya Stergomena Tax, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, Machi 2022 alihukumiwa kifungo cha miaka saba, na akiwa gerezani akapewa nafasi ya kujiunga na Wagner, kundi la mamluki la Urusi, kwa ahadi ya malipo na kuachiwa huru. Alikubali. Aliuawa Ukraine tarehe 24 Oktoba 2022. Mwanafunzi wa Zambia, Lemekhani Nyirenda, naye aliyekuwa mfungwa Urusi, alikuwa amekufa mwezi mmoja kabla kwa njia hiyo hiyo. Wote wawili walisindikizwa kwa sifa za ushujaa na wale waliowapeleka. Je, Tarimo alijitolea? Mkono wake ulitia saini. Lakini aliyemwekea meza mbele alikuwa pia ndiye aliyeshika funguo za selo. Mbele ya Gutierrez hakukuwa na selo. Alikuwa na wanaompenda, shule, mpira, na angeweza kubaki chuoni kwa kufanya vibarua. Ni dhuluma kumfananisha afisa usajili wa California na Wagner, na sifanyi hivyo. Ninaloliona kwa wote wawili ni jambo jembamba zaidi: kadiri hadhi ya mtu katika nchi ya watu inavyokuwa dhaifu, ndivyo sare inavyomwita kwa sauti kubwa kuliko inavyomwita mwenyeji, na anayefaidi tofauti ya sauti hizo ni yule anayesajili. Kuukubali ukweli huo hakumwondolei kijana hiari yake. Kunamwongezea msajili wajibu.

Hoja ya familia ni ya aina nyingine, na naiogopa zaidi kuliko zote kwa sababu haitoki kwa wanasheria. Ziko familia zilizoiomba hati hiyo zenyewe na kuishika kama kitu cha thamani, na mimi ni nani nisimame juu ya kaburi la mtoto wa mtu kutangaza kwamba kilichotolewa pale ni karatasi? Sitasimama huko. Mfiwa ana haki ya kuona maana pale anapoiona, na kwa wahamiaji wengi hati ile inasema kitu kinachohitajika kusemwa kwa sauti mbele ya majirani: kwamba mtoto wetu hakuwa mpita njia. Tena tangu 2003 inaweza kumsaidia mjane au mzazi kubaki kihalali. Ugomvi wangu hauko na anayepokea. Ni kwamba mfiwa anapopokea kwa machozi, mtoaji hupigiwa makofi, na makofi hayo hufunika swali la kwa nini kitu hicho kilikuwa bado ofisini siku kijana anakufa.

Wapo pia wasemao kwamba uraia ukitolewa kwa utumishi wa kijeshi unakuwa bidhaa, na nchi inajaza kambi mamluki. Ufaransa inafaa kuangaliwa hapa, maana ndiyo yenye Kikosi cha Kigeni, jeshi la wageni kwa maana halisi, lililoundwa mwaka 1831. Sheria ya Desemba 1999 inamruhusu askari mgeni aliyejeruhiwa katika mapigano ya Ufaransa kuomba uraia bila kusubiri kama wengine. Nina mashaka na mantiki ya kupima uraia kwa damu. Anayekaa jikoni kambini naye ametumikia. Hata hivyo sheria hiyo inamkuta mtu hospitalini, akiwa na mdomo wa kusema ndiyo au hapana, na baada ya hapo Ufaransa italazimika kuishi naye, na magongo yake, na malalamiko yake. Hiyo tayari ni hatua mbele. Umamluki nao hauponywi kwa kuchelewesha uraia. Mamluki ni mtu aliyepewa fedha bila kupewa nafasi. Ukimnyima askari mgeni nafasi ukamwachia mshahara, wewe ndiye unayemsukuma kuwa mamluki.

Mambo haya yanatuhusu zaidi ya udadisi wa habari za mbali. Mwaka 2009 Marekani ilianzisha mpango uitwao MAVNI kwa kifupi, wa kuandikisha jeshini wageni waliokuwa nchini humo kihalali bila hata grinikadi, mradi wawe madaktari au wauguzi, au wajue lugha ambazo jeshi lilizihitaji. Kiswahili kilikuwa katika orodha ya lugha hizo. Kijana wa Kikenya au wa Kitanzania mwenye viza ya masomo aliweza kuingia na kupata uraia kwa miezi michache, na wapo waliofanya hivyo. Zaidi ya askari 10,000 waliandikishwa kwa lugha mbalimbali na taaluma za tiba. Mwaka 2016 masharti ya upekuzi yakakazwa, usajili ukasimama, na walioshasaini mkataba wakaachwa wakingoja, wengine hadi viza zao zikaisha, yaani walikuwa wameliapia jeshi la nchi ambayo ingeweza kuwakamata kwa kuishi humo bila kibali. Mwaka 2018 ikajulikana kwamba baadhi yao wanaondolewa jeshini kabla hata ya kuanza kazi. Lugha yetu ilihitajika, wenye lugha wakasahaulika kwenye foleni. Hawakufa, kwa hiyo hawakuandikiwa hotuba.

Kwamba jambo hili linaweza kufanywa vizuri, Marekani yenyewe imeshaonyesha. Kuanzia 2009 jeshi la nchi kavu, na baadaye vikosi vingine, liliwaleta maafisa wa uhamiaji ndani ya kambi za mafunzo, wakachukua alama za vidole, wakasaili, na kuruta akamaliza mafunzo akiwa raia siku ile ile anayovaa kofia ya kuhitimu. Mpango huo ulifungwa mwaka 2018, kipindi ambacho uongozi wa ulinzi ulikuwa umeongeza muda wa kungoja, na miaka michache baadaye ukaanza kurejeshwa. Ungekuwepo mwaka 2002, afisa angeketi mbele ya kuruta Gutierrez na kumuuliza tarehe yake ya kuzaliwa, na dola ingelazimika kuamua juu ya uongo wa kijana wa mitaani wakati bado anaweza kujieleza. Huenda angekataliwa. Lakini angekataliwa akiwa hai, kabla ya safari ya Kuwait, na angejua anakwenda Umm Qasr akiwa nani, au angepata nafasi ya kuuliza kwa nini aende.